Kode haiko kazi ya mtu mmoja

*Mwenye kuandika programu anahitaji nini: mashini ya bei kali, ao kichwa kilichotulia na wenzake wa kumsaidia? Tunatazama kazi ya Linus Torvalds, mwenye zaidi ya miaka 30 katika ufundi huu, kisha kazi ya vijana wa Kenya, ili wazazi wajue wanalipia nini.*

Swali hili limefika sasa mpaka ku mashimo. Mtoto anamaliza masomo ya sekondari, anamwambia baba yake: «Papa, nataka kusoma informatike. Kwanza uninunulie ordinateri.» Papa iko upande wa Manguredjipa, mama iko Butembo anauza ku soko. Feza ya dhahabu iko kidogo, na kila mtu anaingojea: mwenye nyumba, shule ya wadogo, mwenye kuuza dawa. Wazazi wanauliza: hii informatike itatuletea nini? Na hiyo ordinateri, inapashwa kuwa ya namna gani?

Sisi hatutawaambia ya kuwa kila mtoto anayesoma informatike atapata kazi. Huo ungekuwa uongo, sawa na wa yule anayeuza shimo akisema dhahabu iko inangojea chini. Lakini tunaweza kuwaonyesha namna watu waliozeeka katika kazi hii wanavyoifanya: fasi wanapokaa, vile wanavyosaidiana, na vile wanavyopima kazi nzuri na kazi mbaya. Mchimbaji akisoma haya ataona ya kuwa mambo mengi anayajua tayari.

Kode, siyo kodi

Tuanze na neno. Mchimbaji akisikia «kode», anawaza Kode ya madini, ile sheria ya 2002 iliyorekebishwa 2018. Ama anasikia «kodi», anashika mufuko. Kode ya ordinateri iko na undugu na ile ya kwanza: ni maagizo yaliyoandikwa, moja kisha lingine, na mashini inayafuata.

Lakini mashini haina akili ya kubuni. Ukimwambia kijana wa kazi «tazama pompi», anaelewa: maji yakipanda, awashe, esanse ikiisha, aite. Ordinateri haielewi hivyo. Inapashwa kuandikiwa kila kitu: maji yakifika alama hii, washa, yakishuka mpaka hapa, zima, esanse ikibaki kidogo, piga kengele. Ukisahau agizo moja, shimo linajaa maji na mashini haioni aibu. Kazi ya kuandika programu ni hiyo: kuwaza mbele kila kitu kinachoweza kutokea, na kukiandika kwa namna mashini haitakosea.

Mawe yetu na kode, ndani ya telefone moja

Wengi wetu tunashika telefone kila siku bila kuwaza kilicho ndani yake. Tantali inayotoka katika koltani inatumiwa kutengeneza vidude vidogo vinavyoshika umeme kwa muda mfupi. Bati inayotoka katika kasiterite inashikamanisha vipande juu ya kibao cha ndani. Tungsteni, ile ya wolframite, inaweka uzito katika kamota kanakotetemesha telefone ikilia kimya. Dhahabu inapakwa kidogo sana fasi umeme unapopita kutoka kipande kimoja mpaka kingine, juu haishiki kutu. Mchimbaji wa Kivu iko ndani ya telefone hiyo, hata kama jina lake haliandikwi.

Lakini mawe peke yake hayapigi simu. Ndani ya telefone zote za Android kuna programu moja ya chini kabisa, ile inayogawa kazi kati ya batri, kioo, kumbukumbu na antena. Tuiite kiini. Kiini hicho kinaitwa Linux. Tangu Novemba 2017, zile ordinateri 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zote zinatumia Linux. Na mtu aliyeianzisha iko muzima, anafanya kazi mpaka leo.

Mtoto juu ya magoti ya babu

Linus Torvalds alizaliwa Helsinki, katika inchi ya Finland, tarehe 28 Desemba 1969. Hakuanza na chuo kikuu. Babu yake, Leo Törnqvist, alikuwa mwalimu wa hesabu za takwimu, na alikuwa na ordinateri ndogo, Commodore VIC-20. Mtoto alikuwa na miaka karibu 11. Babu alimkalisha karibu naye na kumwachia kazi ya kuandika programu zake katika mashini. Ni vile vile kijana anavyoanza ku shimo: kwanza anabeba vyombo vya mkubwa, anatazama, kisha siku moja anashika nyundo mwenyewe.

Januari 1991, Torvalds akiwa mwanafunzi, alinunua ordinateri ambayo hakuweza kuilipa mara moja. Aliilipa pole pole. Tarehe 25 Agosti mwaka ule aliandikia watu wengine wa kazi hii ujumbe mfupi. Aliwaambia iko anatengeneza programu ya kiini kwa kujifurahisha tu, haitakuwa kitu kikubwa, na akawaomba mawazo. Alikuwa na miaka 21. Programu ya kwanza ilikuwa na mistari karibu 10 000. Leo Linux inapita mistari milioni 30, na kila baada ya wiki tisa ao kumi toleo jipya linatoka, likiwa na kazi ya watu zaidi ya 1 000.

Tukumbuke jambo hili: mbele kitu hicho hakijakuwa kikubwa, mwenyewe alikionyesha kwa watu kikiwa bado kidogo na kasoro zake. Hakukificha mpaka kimalizike.

Fasi ya kazi: kimya kwanza

Vijana wengi wanafikiri ya kuwa mwandishi wa programu anakaa mbele ya vioo vitano na taa za rangi, sawa ku filme. Februari 2016, katika mkutano wa TED, Torvalds alionyesha ofisi yake. Iko ndani ya nyumba yake, kule Marekani. Watu walishangaa, juu hapakuwa kitu cha kushangaza. Kuta ni za kijani hafifu, rangi ya kutuliza. Meza iko juu, na chini yake kuna mashini ya kutembelea. Lakini alisema ya kuwa haitumii tena. Ordinateri anaichagua kwanza kwa jambo moja: isipige kelele. Alieleza ya kuwa hataki kitu chochote kimsumbue; anataka kukaa na wazo lake.

Sababu inaeleweka. Mwenye kuandika kode anashika mambo mengi katika kichwa kwa wakati mmoja: maji, esanse, alama, kengele. Mtu akimwita mara moja tu, vyote vinaanguka, na inamlazimu kuviokota kimoja kimoja. Mama anayehesabu feza ya likelemba anajua: ukimsemesha katikati, anaanza tena toka moja.

Kwa hiyo, mzazi, fasi ya kazi ya mtoto haianzii ku duka. Inaanzia nyumbani. Saa mbili za kimya asubuhi, mbele wadogo hawajaamuka, meza yenye kusimama vizuri, telefone iliyozimwa. Hivi havilipwi dola. Ordinateri ya zamani iliyotumiwa na mwingine, ikiwa kibodi yake na kioo chake ni vizima, inatosha kwa miaka ya kwanza, na Linux yenyewe ni ya bure. Inaenda hata juu ya mashini ambazo wengine wamekwisha kuzitupa. Na mtoto ambaye hana ordinateri anaweza kuanza na telefone ya Android, kwa sababu kuna programu za kuandikia kode humo. Si raha, kioo ni kidogo, lakini inaonyesha kama mtoto iko na moyo wa kazi ao anapenda tu mashini.

Umeme ukikatika

Msomaji wa Beni atatuambia: «Huyo wa Marekani umeme wake haukatiki.» Ni kweli. Huku kwetu batri ni chombo cha kwanza. Ndiyo maana ordinateri ya kubeba, hata iliyozeeka, ni bora kuliko ile kubwa ya mezani inayozimika pamoja na taa na kupoteza kazi ya saa nzima.

Wengine karibu nasi walikutana na shida hiyo, wakaitengenezea dawa. Nairobi, 2013, kikundi cha mafundi waliokuwa wamechoka na umeme na intaneti za kukatika walitangaza kasanduku kanakoitwa BRCK. Kako na batri yake ya saa nane. Intaneti ya waya ikifa, kanahamia yenyewe ku mtandao wa telefone. Waliwaza vile mchimbaji anavyowaza pompi: kama haiwezi kufanya kazi hapa, katika matope yetu, haitusaidii, hata kama inasifiwa Ulaya.

Na dawa nyingine ni ya Torvalds mwenyewe. Watu wa Linux walikuwa wanatumia chombo cha kampuni moja ili kuweka pamoja kazi yao. Mwaka 2005 kampuni ilifuta ruhusa ya kukitumia bure. Tarehe 3 Aprili Torvalds akaanza kuandika chombo chake, na kwa siku chache tu kikaanza kufanya kazi. Kinaitwa Git, na leo karibu kila mwandishi wa programu anakitumia.

Git ni daftari. Tuwaze lile daftari la shimo: tarehe fulani, mifuko mingapi, nani alitoka, nani aliingia. Git inaandika vile vile: nani alibadilisha mstari gani, siku gani, sababu gani. Pane ikitokea, unarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka siku ambayo kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri. Lakini iko na jambo moja zaidi: kila mtu wa kazi anabeba daftari nzima, siyo kipande. Moja likichomeka, mengine yako. Na hauhitaji intaneti kwa kuandika ndani yake. Mtoto wa Butembo anaweza kufanya kazi siku tatu bila mtandao, siku ya nne anaingia katika cyber na kutuma yote mara moja. Chombo hiki hakikutengenezwa juu yetu, lakini kinatufaa kuliko wengi.

Mnyororo wa mifuko

Sasa tuingie ndani ya kode yenyewe. Katika mkutano ule wa 2016 waliuliza Torvalds ni nini kinachotenga mwandishi mzuri na mwingine. Alionyesha mfano wa mistari michache. Sisi tutaueleza kwa mfano wa kwetu.

Tuseme watu kumi wanapanga mstari toka chini ya shimo mpaka inje, wanapitishana mifuko ya mchanga. Kila mtu anajua jambo moja tu: jina la yule anayemfuata. Kapita, yeye, iko na karatasi, na juu yake ameandika jina la mtu wa kwanza, basi. Sasa mtu mmoja amechoka, anapashwa kutoka katika mstari. Nani atabadilisha nini?

Kama aliyechoka iko katikati, ni rahisi. Yule anayemtangulia anaambiwa: sahau jina lake, shika jina la yule aliye nyuma yake. Lakini kama aliyechoka ni wa kwanza? Hakuna anayemtangulia. Hapo ni karatasi ya kapita ndiyo inapashwa kubadilishwa. Mwanafunzi ataandika kode yenye njia mbili: «Kama ni mtu wa kwanza, badilisha karatasi, kama siye wa kwanza, badilisha jina katika kichwa cha anayemtangulia.» Kode hiyo inaenda. Haina kosa. Lakini iko na njia mbili, na kila njia ni fasi moja zaidi ya kuanguka.

Fundi anatazama tena. Anaona ya kuwa karatasi ya kapita na kichwa cha mfanyakazi ni kitu kimoja: vyote viwili ni fasi palipoandikwa jina la mtu anayefuata. Kwa hiyo agizo linabaki moja: «Tafuta fasi palipoandikwa jina la aliyechoka, lifute, andika jina la yule aliye nyuma yake.» Ikiwa ni karatasi, sawa. Ikiwa ni kichwa, sawa. Lile swali la «je, ni wa kwanza?» limekufa. Mistari imepungua, na makosa pia.

Torvalds aliita hiyo ladha nzuri ya kazi. Siyo kujua maneno mengi ya mashini. Ni kutazama shida mpaka uone ya kuwa mambo mawili uliyoyafikiri tofauti ni jambo moja. Boazeri mzuri, yule anayeshikilia kuta za shimo kwa miti, iko na ladha hiyo. Hatii miti mingi. Anatia miti inayopashwa, fasi inapopashwa, na mlima unatulia.

Katika mkutano ule ule alisema neno lingine ambalo wasafiri wetu watalielewa. Wako watu wanaotembea wakitazama nyota, na yeye hawakatazi. Lakini yeye anatazama chini, anataka kutengeneza shimo la barabara lililo mbele yake mbele hajaangukia ndani. Kila mtu anayepita kati ya Butembo na Beni wakati wa mvua anajua shimo hilo ni nini. Vijana wetu wengi wanaanza na nyota: wanataka kutengeneza Facebook ya Congo. Waanze na shimo moja la barabara.

Kusaidia wenzako, bila kuwavunja

Tumefika ku jambo ambalo, kwa sisi, ndilo kubwa. Linux haikuandikwa na Torvalds peke yake. Tangu miaka mingi yeye mwenyewe anaandika kode kidogo tu. Kazi yake ni kusoma barua za wengine, kupima kazi yao, kukubali ao kukataa. Chini yake kuna watu anaowaaminia, kila mmoja na kipande chake, na chini yao wengine tena. Ni sawa na PDG na makapita wake.

Lakini kwa miaka mingi njia yake ya kukataa ilikuwa kali sana. Aliyeleta kazi mbaya alitukanwa mbele ya watu wote, katika barua ambazo dunia nzima inaweza kuzisoma. Wengine walicheka, wakisema ndiyo ukali wa fundi. Mnamo 2013 mwenzake mmoja alimwambia wazi mbele ya wote ya kuwa haifai. 2015 mtu huyo akatangaza ameacha kazi ya Linux juu ya namna watu wanavyosemeshana humo. Tarehe 16 Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliandika barua kwa wote. Aliomba msamaha kwa watu aliowaumiza, akasema anaacha kazi kwa muda ili atafute musaada wa kuelewa mioyo ya wenzake. Siku zile zile Linux ikapokea kanuni mpya za kuheshimiana. Oktoba akarudi.

Tuwaze uzito wa jambo hilo. Mtu ambaye programu yake iko katika telefone za dunia nzima anasema mbele ya wote: kujua kazi hakunipi ruhusa ya kukanyaga watu. Wangapi wako ku mashimo, wakubwa wa kazi, wangesema hivyo? Na ubaya wa ukali si maumivu peke yake. Kijana aliyetukanwa jana juu ya swali lake, leo hatauliza. Ataona mti wa shimo umepasuka, atanyamaza. Katika kode vile vile: kasoro inayofichwa juu ya woga ndiyo inayoua programu baadaye.

Kuuliza nako ni ufundi. Mtu akija kukuambia «pompi imekufa», hawezi kusaidiwa. Akisema «tuliiwasha saa mbili, esanse iko, ilipiga sauti hii, kisha ikazima, tukajaribu kufanya hivi na haikuitika», fundi anaanza kujua mbele hajafika. Mwandishi wa programu anapashwa kuuliza hivyo: nilitaka nini, nilifanya nini, mashini ilijibu neno gani, herufi kwa herufi. Mara nyingi, akipanga swali lake vile, jibu analiona mwenyewe mbele ya kulituma.

Na anayejibu asinyanganye kibodi. Torvalds alitoa mfano mzuri na Git. Aliianzisha Aprili 2005; Julai mwaka ule ule akaikabizi kwa Junio Hamano, fundi wa Japani, ambaye ndiye anayeiongoza mpaka leo. Miezi mitatu tu! Mtu anayejua kuachia wengine nyundo, kazi yake inaishi.

Wakenya wa 2008, na Kivu

Msifikiri haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Kenya ilionyesha hilo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliuana katika inchi ile. Tarehe 3 Januari 2008, Ory Okolloh, mwanasheria, aliandika akiomba mafundi watengeneze ramani ambapo raia wanaweza kuonyesha fasi machafuko yanapotokea. Yeye hakuwa mwandishi wa programu. David Kobia, Mkenya aliyekuwa Marekani, alishika kode. Erik Hersman na Juliana Rotich wakaingia. Kwa siku chache tu ramani ikatoka. Waliiita Ushahidi, kwa Kiswahili chetu, na mtu aliweza kutuma habari hata kwa ujumbe mfupi wa telefone.

Kisha walifanya vile Torvalds alivyofanya: waliitoa kode yao bure, kila mtu aichukue na kuibadilisha. Mwezi wa tano 2008 ilitumiwa Afrika ya Kusini. Novemba 2008, vita ilipokuwa kali Kivu, ilitumiwa juu ya mashariki ya Congo, huku kwetu. Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, ikaenda mpaka kule.

Angalieni nani alifanya nini: mmoja alileta shida na maneno, mwingine kode, wengine walipokea habari na kuzipima. Nao watu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi yao ya Kilinux, walitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Huko tena, aliyejua lugha vizuri alikuwa na kazi sawa na aliyejua mashini. Mtoto wako anayejua Kinande, Kiswahili na Kifaransa iko na chombo mkononi mbele hata ya kununua ordinateri.

Mbele ya kulipa

Jiwe likitoka Manguredjipa, limeenda, haulioni tena. Kode haiko hivyo. Ukimpa mwenzako, nawe unabaki nayo, na akiitengeneza vizuri inakurudilia nzuri zaidi. Ndiyo maana kazi hii inaweza kufaa inchi ambayo vitu vyake vinatoka kila siku bila kurudi. Lakini inafaa wale tu wanaokubali kuifanya pole pole, pamoja.

Kwa hiyo, wazazi wetu, mbele ya kuuza mbuzi ao gramu za mwisho, muulize mtoto mambo matatu. Iko na wenzake wawili ao watatu wa kusoma nao, hata kwa ordinateri moja? Anajua kuweka kazi yake katika daftari kama Git, ili isipotee umeme ukikatika? Na iko na shimo gani la barabara anataka kulitengeneza?

Kama hana jibu la tatu, sisi tuko nalo. Ku mashimo ugomvi mwingi unatoka ku mgawanyo: mifuko mingapi ilitoka, nani alikopa, esanse ya pompi ilikatwa kwa nani, PDG anapata nini na wachimbaji wanapata nini. Mtoto aandike programu ndogo ya hesabu hiyo, hata kwa telefone. Aweke majina, mifuko, madeni. Mwisho wa wiki ionyeshe fungu la kila mtu, na kila mtu aione kwa macho yake. Ikikosea, wachimbaji watamwambia mara moja, na hakuna mwalimu mkali kuliko mtu anayetafuta fungu lake.

Torvalds alisema zamani ya kuwa maneno ni rahisi, watu waonyeshe kode. Mtoto akionyesha hiyo inayofanya kazi mwezi mzima bila kugombanisha watu, basi, papa, unaweza kuanza kutafuta ordinateri.